Nani Atamtibu Mtu wa Kijijini? Mafunzo Kutoka Sawad ya Iraq

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha madrasa katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Tanzania. Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, mama mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi. Zahanati ilikuwepo. Wanakijiji waliijenga kwa mikono yao, wakafyatua matofali na kuchangishana fedha za mabati. Lakini mlango wake ulikuwa na kufuli, kwani muuguzi aliyeletwa kutoka mjini alikaa miezi michache tu akaomba uhamisho, na hakuletwa mwingine. Mama yule alipakiwa kwenye baiskeli, kisha akahamishiwa kwenye gari la mkaa, na kabla ya Alfajiri akafariki njiani, na mtoto wake tumboni.

Tulimswalia na kumzika. Tukafarijiana kwa mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mwanamke anayekufa kwa sababu ya uzazi ni miongoni mwa mashahidi. Na hilo ni kweli wala halina shaka. Lakini malipo ya aliyekufa hayafuti suala la waliobaki hai.

Kilichonitesa mimi ni jambo jengine. Mwaka mmoja kabla ya msiba ule, mzee mmoja alikuja kwenye kamati ya msikiti kutuomba tumsaidie ada ya binti yake aliyekubaliwa katika chuo cha uuguzi. Tulimjibu kuwa mfuko wa msikiti hauna fungu la jambo hilo. Mwezi ule ule tulilipia vipaza sauti vipya. Katibu wa kamati nilikuwa mimi, na jibu lile niliandika kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, hili la kuwapata watu wa kuwatibu wanavijiji ni jambo la serikali peke yake, au ni jambo ambalo dini yetu imelisemea na historia yetu imelishughulikia? Nilipovirejea vitabu nilikuta kuwa maulamaa na viongozi waliotutangulia walilijua tatizo hili vizuri sana, walilitafutia dawa, na katika dawa zao yamo yaliyofaulu na yaliyokwama. Makala hii inakusudia kueleza hayo.

Mwanzo wake: hema msikitini

Katika zama za Mtume (s.a.w.) tiba ilikuwa karibu na watu. Alipojeruhiwa Saad bin Muadh (r.a.) katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema la Rufaida Al-Aslamiyya (r.a.), bibi aliyekuwa akiwatibu majeruhi, na hema lake lilikuwa msikitini. Vilevile imepokewa na Abu Daud kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza aende kwa Al-Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif.

Katika mapokezi haya tunapata mambo mawili. La kwanza ni kuwa mgonjwa anatafutiwa mjuzi wa kazi yake, wala haambiwi asubiri tu. La pili ni kuwa mwanamke mjuzi alipewa nafasi ya kuhudumu mahali pa heshima kuliko pote katika mji, nao ni msikiti. Anayeona kuwa msikiti na tiba ni vitu viwili visivyokutana, basi aliangalie tena hema la Rufaida.

Barua mbili za waziri

Sasa tuende Baghdad, katika zama za Khalifa Al-Muqtadir wa Bani Abbas, aliyetawala kuanzia mwaka 295 hadi 320 Hijria (908 hadi 932 Miladia). Waziri wake mmoja aliitwa Ali bin Isa bin Al-Jarrah, mtu aliyesifika kwa uchamungu na uangalifu wa mali ya umma. Mkuu wa matabibu alikuwa Sinan bin Thabit bin Qurra, ambaye asili yake ni katika Masabii wa Harran, kisha akasilimu mwishoni mwa maisha yake. Habari zao zimehifadhiwa na Al-Qifti (aliyefariki mwaka 646 Hijria) na Ibn Abi Usaibia (aliyefariki mwaka 668 Hijria) katika vitabu vyao vya historia ya matabibu.

Ulitokea mwaka mmoja ambao maradhi yalizidi. Waziri akamuandikia Sinan kuhusu wafungwa: kwamba kwa wingi wao na ugumu wa mahali walipo, hawakosi kupatwa na maradhi, nao wamezuiliwa wasiweze kwenda kwa matabibu. Akamtaka awateulie matabibu watakaoingia magerezani kila siku, wakiwa na dawa na vinywaji vya kutibia, na wawapikie wagonjwa chakula kinachowafaa.

Kisha akamuandikia barua ya pili, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Barua hii ilihusu Sawad, yaani nchi ya mashamba ya Iraq, yenye mifereji, mitende na vijiji vingi. Waziri alieleza kuwa amewafikiria watu wa Sawad, akaona kuwa hapana budi miongoni mwao wamo wagonjwa wasiotazamwa na tabibu yeyote, kwa kuwa kule hakuna matabibu. Akamuamuru Sinan apeleke matabibu pamoja na sanduku la dawa, wazunguke vijijini, wakae katika kila mahali kwa kadiri haja itakavyokuwa, wawatibu waliopo, kisha wahamie pengine.

Zingatia, ndugu msomaji. Hapakuwa na mjumbe aliyekuja kulalamika kutoka Sawad. Waziri hakungoja kuletewa malalamiko. Alikaa akawaza kuhusu watu asiowaona, akajua kuwa kutokusikia kilio chao si dalili ya kuwa ni wazima, bali ni dalili ya kuwa wako mbali.

Sinan alitekeleza. Matabibu walipofika mahali panapoitwa Sura, walikuta wakazi wake wengi ni Mayahudi. Wakaandika kuuliza: je, wakae wawatibu, au wapite waende kwa wengine? Sinan akalipeleka suala hilo kwa waziri, na akamkumbusha kuwa desturi ya hospitali ya Baghdad ni kumtibu Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Waziri akajibu kuwa hapana khilafu kuwa kuwatibu ahlu dhimma ni sawa, na hata wanyama watibiwe. Kisha akaweka utaratibu wa nani atangulizwe pale dawa na nguvu zitakapokuwa chache: mwanadamu kabla ya mnyama, na Muislamu kabla ya dhimmi, na kinachozidi kiwafikie wanaofuatia. Akahimiza pia matabibu waelekee kwenye vijiji vyenye maradhi mengi zaidi, na kama hawakupata walinzi wa kuwasindikiza, wasubiri mpaka njia iwe salama.

Ndani ya jibu hili fupi yamo mambo ambayo wataalamu wa leo huyaandikia vitabu. Umo uadilifu wa kutomnyima mgonjwa tiba kwa sababu ya dini yake. Umo mpango wa kuanza na penye shida kubwa. Na imo hifadhi ya tabibu mwenyewe, kwani anayetumwa vijijini naye ana roho, ana watoto, na ana haki ya kurudi salama.

Mzee asiyejua kusoma

Katika mwaka 319 Hijria (931 Miladia) habari zilimfikia Khalifa Al-Muqtadir kuwa mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru kuwa asiruhusiwe yeyote kutibu mpaka afanyiwe mtihani na Sinan bin Thabit. Waliofanyiwa mtihani katika pande mbili za Baghdad walizidi watu 860, ukiwatoa wale ambao umahiri wao ulikuwa mashuhuri na wale waliokuwa katika utumishi wa mtawala.

Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alimheshimu, akamkalisha karibu yake. Watu walipokwisha kuondoka, Sinan alimuomba mzee amsikilizishe kitu katika elimu yake, na amtajie mwalimu wake. Mzee akatoa karatasi iliyofungwa dinari, akaiweka mbele yake, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika, ila ana familia inayomtegemea na riziki yake ni kazi hii. Sinan akacheka. Akamruhusu aendelee, lakini kwa sharti: asimkabili mgonjwa kwa jambo asilolijua, na asiamuru kupiga chuku wala kutumia dawa ya kuharisha isipokuwa katika maradhi mepesi. Mzee akasema kuwa huo ndio mwenendo wake siku zote, kwani hajapata kuvuka sharubati ya siki na asali na sharubati ya waridi. Siku ya pili akaja kijana. Alipoulizwa amesoma kwa nani, akasema kwa baba yake. Na baba yake ni nani? Ni yule mzee wa jana. Sinan akampa sharti lile lile.

Watu huisimulia habari hii kwa kuchekesha. Mimi naiona kuwa ni mlango mkubwa wa fiqhi. Imepokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah kuwa anayejifanya tabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, basi ana dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Sinan alikuwa na njia mbili nyepesi: kumfukuza mzee, na watu wa mtaa wake wabaki bila mtu, au kumuacha afanye apendavyo, na watu waangamie. Hakuchukua hata moja. Alimuwekea mzee mpaka, akamwambia fanya unachokijua na uache usichokijua.

Huu ndio msingi wa kila mhudumu wa afya wa kijijini hadi leo. Si lazima kila kijiji kiwe na daktari bingwa. Kinachotakiwa ni mtu aliyefundishwa machache, anayeyajua barabara, na anayejua pia mahali ujuzi wake unapoishia ili ampeleke mgonjwa mbele kabla hajachelewa.

Kwa nini kazi ile haikudumu

Hata hivyo, si vyema tuisimulie historia yetu kwa kujisifu tu. Matabibu wa Sawad walikuwa wageni wanaopita. Walitumwa kwa barua ya waziri, na Ali bin Isa mwenyewe aliondolewa uwaziri zaidi ya mara moja. Jambo linalosimama juu ya mtu mmoja huanguka anapoanguka mtu huyo.

Kilichodumu ni kile kilichofungwa kwa waqfu. Hospitali aliyoijenga Nuruddin Zanki mjini Damascus mwaka 549 Hijria (1154 Miladia), na ile aliyoijenga Sultan Qalawun mjini Cairo mwaka 683 Hijria (1284 Miladia), ziliishi karne nyingi kwa sababu nyuma yake zilikuwepo mali zilizowekwa waqfu, na mapato yake yakilipa matabibu, dawa na chakula cha wagonjwa. Watawala walibadilika, mishahara ikaendelea.

Lakini hospitali hizo zilikuwa za miji mikuu. Tabibu hodari alikwenda kule kwenye mshahara, vitabu na wanafunzi, kama ambavyo leo anakwenda kwenye hospitali kubwa za mijini. Sawad ilipata matabibu lakini haikupata waqfu, na Cairo ilipata waqfu lakini mtu wa shamba alibaki mbali nao. Hali hii haijaondoka. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini, na kwamba huko wanapatikana asilimia 38 tu ya wauguzi na chini ya robo ya madaktari.

Fiqhi ya masafa

Imamu Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) ametaja katika Ihya, Kitabu cha Elimu, kuwa utabibu ni fardhi kifaya. Kisha akalalamika. Anaeleza kuwa ipo miji mingi isiyo na tabibu ila kutoka kwa ahlu dhimma, na huku wanafunzi wanasongamana katika masuala ya khilafu na mijadala, ambayo tayari wamejaa watu wa kuyashughulikia. Na akaitaja sababu bila ya kuficha: utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa waqfu, mali za mayatima na ukadhi. Naye Imamu An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameuhesabu utabibu katika Rawdha miongoni mwa fardhi kifaya.

Sote tunaijua kanuni ya fardhi kifaya: wakiitekeleza wa kutosha, wengine husalimika, na wakiiacha wote, hupata dhambi kila aliyekuwa na uwezo akaiacha bila udhuru. Lakini suala ni hili: wa kutosha kwa ajili ya nani, na walio umbali gani? Je, madaktari waliopo Dar es Salaam, Mombasa au Kampala wanatuondolea fardhi sisi tulioko kando ya mto ambao masika gari halipiti?

Mafuqaha wetu wa madhehebu ya Shafi wametoa jibu katika mlango mwengine. Wamesema kuwa haifai masafa ya kupunguza swala yakakosa mufti, nayo ni kiasi cha kilomita 80 na ushei. Ama kadhi, kwa kuwa watu wanamuhitajia zaidi kwa magomvi yao, wakamsogeza karibu: asikosekane katika masafa ya adwa, yaani umbali ambao mtu akitoka asubuhi na mapema anaweza kumfikia na kurudi nyumbani kwake siku ile ile. Ibn Hajar Al-Haytami na wengineo wameyaeleza haya katika sherehe za Minhaj.

Tazama namna walivyofikiri. Hawakusema tu awepo kadhi nchini. Walipima kwa miguu ya mwenye haja. Kadiri haja ilivyo kubwa, ndivyo masafa yalivyofupishwa. Sasa, ikiwa mtu mwenye kesi ya shamba, ambayo inaweza kungoja wiki, amewekewa kadhi wa kumfikia na kurudi siku ile ile, je, mama anayevuja damu, ambaye hawezi kungoja mpaka asubuhi, hastahiki zaidi kuwekewa mtu karibu? Sitoi fatwa hapa, na wenye elimu zaidi yangu waliangalie. Lakini mimi naona qiyasi hii ni ya wazi, na kwamba fardhi ya utabibu haimuondokei mtu wa kijijini kwa kuwepo tabibu asiyefikika.

Zaidi ya hayo, mafuqaha wameruhusu mwanamume kumtazama na kumgusa mwanamke kwa ajili ya tiba kwa kadiri ya dharura, na wakashurutisha kuwa asiwepo mwanamke mjuzi wa kumtibu. Sharti hilo lina maana kuwa umma unatakiwa kuwa na wanawake wajuzi. Anayechukizwa na mkunga mwanamume kumzalisha mkewe, halafu akamzuilia binti yake asisome uuguzi, huyo amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Walioitoa tiba ndani ya kijiji

Njia ya tatu, ambayo si ya tabibu mpita njia wala ya hospitali ya mji mkuu, ni kumchukua mtu wa kijiji, kumfundisha na kumrudisha kwao. Aya ya 122 ya Surat At-Tawba imetuelekeza utaratibu huu katika elimu ya dini: kutoka katika kila kundi litoke kundi dogo likajifunze, kisha liwarudie watu wake. Watatu hawa, yaani kutoka, kujifunza na kurudi, ndio nguzo zenyewe.

Sudan walianza hivyo mwaka 1921, ilipofunguliwa shule ya wakunga mjini Omdurman chini ya muuguzi wa Kiingereza, Mabel Wolff. Waliofundishwa ni wakunga wa kienyeji, na wengi hawakujua kusoma. Walifundishwa kuzitambua dawa kwa rangi, harufu na ladha. Mzee wa Sinan angejiona yuko nyumbani katika darasa lile.

Iran, baada ya majaribio ya miaka ya 1970 katika jimbo la Azerbaijan Magharibi, ilieneza katika miaka ya 1980 nyumba za afya vijijini. Mhudumu wake anaitwa behvarz. Huyu huchaguliwa kutoka kijiji chenyewe au cha jirani, wanakijiji wakishiriki kumchagua, akafundishwa kwa miaka 2 karibu na kwao, na akafungwa kwa ahadi ya kuhudumu kijijini. Katika nyumba nyingi wapo mwanamume na mwanamke.

Pakistan ilianzisha mwaka 1994 mpango wa wahudumu wa afya wanawake. Anayechaguliwa ni mkazi wa mahali penyewe, aliyesoma angalau miaka 8, na anafundishwa kwa miezi 15. Anahudumia watu wapatao 1,000, na nyumba yake ndiyo kituo. Kwa utaratibu huu mwanamke aliyeko ndani alifikiwa na mwanamke mwenzake, bila kutoka na bila kuona haya. Lakini wahudumu hao kwa miaka mingi walilipwa kidogo na kwa kuchelewa, mpaka wakaandamana na kufika Mahakama ya Juu. Na kuanzia Desemba 2012 baadhi yao waliuawa wakiwa katika kazi ya kutoa chanjo ya polio. Ali bin Isa aliwaambia matabibu wake wasubiri walinzi, na zaidi ya karne kumi baadaye wanawake hawa walitembea nyumba kwa nyumba bila ya mlinzi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nchini kwetu Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilienezwa vijijini na wakafundishwa matabibu wasaidizi wa vijijini, na baadaye wahudumu wa afya wa vijiji. Wengi katika hawa wa mwisho walijitolea, na walipokosa posho wakarudi mashambani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka 5. Jirani zetu wa Kenya walizindua wa kwao Septemba 2023, wenye wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000. Hizi ni habari njema. Lakini historia imetuonya: barua ya waziri peke yake haitoshi.

Wajibu wa msikiti

Basi maimamu na kamati za misikiti wafanye nini? Naona mambo manne.

Kwanza, kuchagua. Imamu anawajua vijana wake. Anamjua binti mwenye akili, subira na amana, ambaye anampenda bibi yake na hataki kuhama. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ile ya mwaka 2021, limeshauri vyuo vichukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwani hao ndio wenye matarajio makubwa ya kurudi na kubaki. Jambo hili bibi zetu walilijua: mgeni hula akaondoka, mwenyeji hubaki na jiko.

Pili, kugharamia. Mafuqaha wetu walipomruhusia mwanafunzi kula zaka kwa sababu ya kusoma kwake, walizungumzia elimu za sharia. Lakini hapana haja ya kubishana. Binti fukara, au mtoto wa fukara asiye na wa kumsomesha, anapewa zaka kwa ufukara wake, na akilipia ada ni haki yake. Na juu ya zaka ipo waqfu. Mababu zetu wa pwani waliweka waqfu mashamba ya minazi kwa ajili ya mafuta ya taa za msikiti. Leo taa ni za umeme. Basi na tuweke waqfu minazi mengine kwa ajili ya ada ya wauguzi.

Tatu, kufunga mkataba. Waislamu hufungwa na masharti yao. Aandikiane na jamaa zake kuwa akihitimu atahudumu kwao miaka kadhaa, mbele ya mashahidi, na serikali ihusishwe ili ajira yake iwe pale pale. Na sharti liwe la pande mbili: yeye arudi, na sisi tumpe nyumba ya kukaa, maji, na heshima.

Nne, kumlinda. Apewe wa kumsindikiza usiku. Asitukanwe mgonjwa anapofariki hali ya kuwa yeye ametimiza anachokijua. Na asilazimishwe kufanya asichofundishwa, kwani hilo ndilo sharti la Sinan.

Ndugu msomaji, baada ya msiba ule tulikutana tena kamatini. Hapana aliyezungumza kwa muda. Kisha mzee mmoja, ambaye mwanzoni ndiye aliyevipigania sana vipaza sauti, akasema anatoa minazi yake kumi na miwili. Wengine wakaongeza. Binti wa kwanza, yule tuliyemkatalia, alikuwa ameshaolewa mjini na nafasi yake ya chuo imepita, na hilo nitaulizwa mimi. Lakini walikuwepo wadogo zake darasani, na baada ya miaka mitatu mmoja wao akahitimu na kurudi. Kufuli la zahanati alilifungua mwenyewe, kwa kulivunja, maana ufunguo ulikuwa umepotea.

Hatuna waziri wa kutuandikia barua kila mwaka. Tuna misikiti, tuna minazi, na tuna mabinti. Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, atusamehe tulipozembea, na atuwezeshe kuibeba fardhi hii kabla ya mwengine hajafia njiani.

Wabillahi tawfiq.